Wifi anazitaka kilo zangu, mimi nautaka mto: siku saba za Bangkok

Shikamoo Somo,

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja hapa Dar es Salaam, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Tangu mwaka juzi tuko wanawake watatu tunaoweka pesa pembeni, nje ya kikoba chetu cha kawaida, kwa ajili ya safari moja tu: Bangkok, Disemba hii shule zikifungwa. Mimi ndiye niliyeleta wazo. Kila mwaka nawachorea wanafunzi ubaoni mto unaopinda, delta, mji uliojengwa juu ya tope, na nimechoka kuchora kitu nisichowahi kukiona. Wa pili ni shoga yangu, muuguzi. Wa tatu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwenye duka la nguo za kike Kariakoo.

Wifi aliingia baadaye, na nilimkaribisha kwa mikono miwili kwa sababu ambayo sitaificha. Mume wangu alikuwa hataki. Ameshasikia habari za Bangkok ya usiku, na kila nikitaja safari alikuwa anaguna. Siku dada yake aliposema naye anakwenda, ruhusa ikapatikana palepale. Kwa hiyo ujue, Somo, kwamba safari yangu imefungwa kwenye pindo la khanga ya wifi.

Sasa wifi ametutumia ratiba kwenye kundi letu la WhatsApp. Siku saba, na sita kati ya hizo zimeandikwa neno moja: Pratunam. Ndiko kwenye masoko ya nguo za jumla, ameshafika huko, na pia amekwenda Guangzhou na Istanbul kufuata mzigo. Chini ya ratiba ameandika kwamba kila mtu aje na begi dogo la mgongoni tu, kilo nyingine zote ni za mzigo, na tukirudi atatutoa kitu kidogo. Shoga yangu alinipigia simu usiku huo huo akicheka kwa hasira. Mimi sikucheka. Nilipomwonyesha mume wangu alisema, "Dada anaijua dunia, mfuateni."

Simchukii wifi yangu. Nilipojifungua mtoto wa mwisho ndiye aliyenikalia arobaini nzima. Lakini pesa nimeiweka mimi, na sikuiweka ili nikabebe magauni.

Nina maswali mengine pia. Mimi na wifi ni Waislamu, je tutakula nini huko? Naweza kuingia kwenye mahekalu yao nikiwa na baibui na mtandio, au nitaonekana nimekwenda kufanya fujo? Shoga yangu amesoma habari za matapeli wa Bangkok mpaka anataka kutembea na pesa ndani ya soksi. Na siku saba zinatosha kuuona mji ule? Zaidi ya yote nisaidie namna ya kumwambia wifi bila kuharibu undugu.

Mwalimu wa Ramani,
Dar es Salaam

*

Marahaba, mwalimu wangu.

Nianze na kilo, kwa sababu hayo mengine yote yanarekebishika hata mkiwa mmeshafika, lakini hili la kilo likiharibika linaharibika moja kwa moja. Begi lenye tagi ya jina lako, vilivyomo ni vyako. Afisa wa forodha wa Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, hatauliza wifi yuko wapi, na wa Dar es Salaam akikuta magauni arobaini ya aina moja hatakubali kwamba yote utayavaa wewe. Sheria ya Thailand juu ya dawa za kulevya ni kali kufikia adhabu ya kifo. Simtuhumu wifi yako hata kidogo. Ila mzigo wa jumla haufungi yeye. Unafungwa na vijana wa dukani, unapigwa gundi, unaletwa hotelini ukiwa tayari ni furushi, naye analipokea kwa imani. Imani hiyo ni yake, ana haki nayo. Wewe huna sababu ya kuiazima.

Kwa hiyo mpaka wako uwe huu: nguo uliyoikunja kwa mkono wako, ukaitia begini mwako kwa mkono wako, utaibeba. Furushi lililofungwa hulibebi, hata liwe la mama yako mzazi. Na uamue tangu sasa, kabla hamjatoka nyumbani, kwamba kilo kumi ni zawadi yako kwake, bila kitu kidogo chochote. Ukipokea malipo umekuwa mchukuzi, na mchukuzi hachagui mzigo. Vinavyobaki vyende kargo. Mfanyabiashara aliyefika Pratunam anawajua mawakala wa kargo, maana wako jirani na soko lenyewe na wamezoea wateja kutoka Afrika. Ya ndege hutozwa kwa kilo, ya meli kwa ujazo. Hesabu hiyo wifi anaijua kuliko mimi na wewe. Alichokifanya ni kutafuta kargo ya bure, na mfanyabiashara asiyejaribu hilo simjui.

Sasa nikushangaze. Ratiba ya wifi ina kosa la siku, mahali hapana kosa. Mimi ningewalaza Pratunam hata kama hakuna anayenunua hata soksi.

Tazama ramani, wewe ni mwalimu wake. Kutoka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi kuna treni ya mjini iitwayo Airport Rail Link. Mnashuka kituo cha Ratchaprarop, mmefika Pratunam, na nauli haifiki baht 50. Baht 500 ni kama shilingi 40,000 za kwetu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Hatua chache kutoka sokoni unapita mfereji wa Saen Saep, uliochimbwa zamani za Mfalme Rama III, kati ya 1837 na 1840, ili kupeleka majeshi na chakula upande wa mashariki wakati wa vita na Vietnam. Leo unapeleka wafanyakazi ofisini. Pale Pratunam lipo gati. Mkipanda boti za kwenda magharibi, mwisho wa safari ni Phan Fa, kwenye ukingo wa mji wa kale. Yaani soko la wifi na mji wako vimeunganishwa kwa maji, na nauli ni ya mfukoni.

Boti hizo ni raha yake. Konda hakai ndani. Anatembea ukingoni kwa nje akiwa na kofia ngumu kichwani, anadai nauli huku chombo kinakwenda kasi, roho mkononi kama konda wa daladala anayening'inia mlangoni. Pembeni kuna turubai la plastiki lenye kamba, na abiria wa pembeni ndiye mwenye kazi ya kulivuta juu boti nyingine inapopita, maana maji yale ni machafu na hayana adabu. Paa hushushwa kupita chini ya madaraja. Baibui likunjeni vizuri wakati wa kupanda, boti haingoji mtu.

Gati la kwanza tu baada ya Pratunam, pale Hua Chang, mtafika eneo la Ban Khrua, na hapo ndipo swali lako la chakula linapojibika. Ban Khrua ni mtaa wa Waislamu wa kabila la Cham, ambao wazee wao walipigana upande wa Siam, jina la kale la Thailand, zama za Rama I wakapewa ardhi hapo. Walikuwa wafumaji wa hariri. Mmarekani Jim Thompson, aliyeifanya hariri ya Thailand ijulikane duniani baada ya Vita vya Pili, alikuwa akivuka mfereji kutoka kwao na vitambaa. Alipotea mwaka 1967 huko Cameron Highlands, Malaysia, hakuonekana tena mpaka leo. Nyumba yake ya mbao ipo ng'ambo ya mfereji na sasa ni makumbusho. Upande wa mtaa wenyewe, barabara ya Phetchaburi kichochoro namba 7, upo msikiti wa Darul Aman, na kichochoro kizima ni vyakula vya halali. Tafuteni khao mok gai, wali wa manjano na kuku, ndugu kabisa wa biriani. Kuna supu ya mkia wa ng'ombe yenye ndimu na pilipili, na kuna roti zinazopigwa mbele yenu. Kutoka Pratunam ni mwendo wa miguu. Hata ndani ya jengo la Platinum, ambako wifi atakuwa anahesabu magauni, ukumbi wa chakula una vibanda vya halali.

Kwingineko mjini msijidanganye kwa kuona kuku. Nguruwe anaingia kwenye mchuzi, kwenye mafuta, kwenye mboga za majani. Alama ya halali ya Thailand ni ya kijani, ina neno lenyewe kwa Kiarabu, na inatolewa na baraza la Kiislamu la nchi. Isipoonekana, ulizeni. Shoga yako naye ajue neno "mai phet", yaani usitie pilipili, ingawa wapishi wengi hulisikia kama ombi la kupunguza kidogo tu.

Matunda mtayatambua kwa macho: fenesi, balungi, na shokishoki kama mtazikuta. Doriani ni lile lile la Unguja, harufu yake ni ile ile, na hoteli nyingi zimebandika picha yake na mstari mwekundu. Msimu wake mkubwa ni Mei hadi Julai, kwa hiyo Disemba hayatawasumbua sana.

Disemba yenyewe mmechagua vizuri. Mvua zimeisha na joto limepungua, ingawa kupungua kwa Bangkok ni Dar ya mwezi wa saba mchana. Wageni ni wengi, hoteli zinapanda bei, basi kateni mapema.

Umeuliza kama siku saba zinatosha. Mji ule hata wenyeji hawajaumaliza. Nawaona watu wanaorudi na orodha ya mahekalu kumi na moja na picha za miguu iliyovimba, hawakumbuki lipi lilikuwa lipi. Bangkok inakubali kitu kimoja kikubwa asubuhi, kivuli mchana, na kitu kidogo jioni. Ukilazimisha cha tatu, foleni ya magari itakunyang'anya na cha kwanza.

Kitu chako kikubwa ni mto. Nitakaa hapa kidogo, wenye haraka watanisamehe. Mji mkuu ulihamishiwa ukingo wa mashariki wa Chao Phraya mwaka 1782 na Rama I. Kabla yake mji ulikuwa Thonburi, ukingo wa magharibi, chini ya Mfalme Taksin, baada ya Waburma kuuchoma Ayutthaya, mji mkuu wa kabla yake, mwaka 1767. Haya yameandikwa kila mahali. Wageni wengi hawaambiwi kwamba ule mto mpana unaopita kati ya Kasri Kuu na hekalu la Wat Arun haukuwa mto. Zamani Chao Phraya ulipinda pale mpindo mkubwa kuelekea magharibi, vyombo vinazunguka siku nzima kurudi karibu na vilipotoka. Karne ya 16, zama za Mfalme Chairacha wa Ayutthaya, wakachimba mfereji wa njia ya mkato kwenye shingo ya mpindo. Maji yakaupenda mkato, yakaupanua, mkato ukawa mto. Mpindo wa kale ukasinyaa ukabaki mifereji miwili inayokutana nyuma huko, Bangkok Noi na Bangkok Yai. Wewe unawafundisha watoto kwamba mto hujikata wenyewe ukaacha ziwa la kiatu cha farasi. Hapa binadamu hawakutaka kuusubiri.

Ukodi boti ya mkia mrefu, zile nyembamba zenye injini ya gari iliyofungwa kwenye mhimili, na useme wazi kwamba mnataka kuingia Bangkok Noi na kutokea Bangkok Yai. Hapo mtakuwa mmepita juu ya mto wa kale wenyewe, kati ya nyumba za miguu ya mbao na vibanda vya maua. Bei ni ya boti nzima, si ya kichwa, na inapatanwa kabla ya kukaa. Hili mpe wifi alifanye. Ukimwacha mwanamke wa Kariakoo kwenye gati na mwenye boti, ninyi wawili tafuteni kivuli.

Upande huo huo wa Thonburi upo msikiti wa Bang Luang. Ukiuona kwa mbali utasema hekalu, maana umejengwa kwa paa na nakshi za Kithai tangu enzi za Rama I. Mnaweza kuswali adhuhuri hapo.

Siku ya Kasri Kuu iwe nyingine. Linafunguliwa saa 2:30 asubuhi na tiketi hufungwa saa 9:30 alasiri. Kiingilio cha mgeni ni baht 500, raia wao hawalipi. Kabla shoga yako hajanung'unika, mkumbushe mzungu analipa kiasi gani Serengeti. Nendeni mlango ukifunguliwa. Mavazi yenu ndiyo yanayotakiwa hasa: mabega na miguu ifunikwe. Wanaorudishwa mlangoni ni wa kaptura na vikwapa wazi. Mwenye baibui anapita, na Waislamu kutoka Malaysia na Indonesia wanaingia kila siku. Viatu vinavuliwa kwenye mlango wa hekalu, kwa hiyo msivae vya kamba nyingi. Ndani mtamwona Buddha wa Zumaridi, na msishangae udogo wake, kimo sentimita 66 tu, kwenye kiti kirefu. Ana mavazi ya misimu mitatu na mfalme ndiye hubadilisha. Ukikaa chini, nyayo zisielekee sanamu. Mtawa wa kiume mwanamke hamgusi, hata kwa kumpisha kwenye boti. Kama moyo wako una swali la dini juu ya kuingia penye ibada za wengine, muulize shekhe wako, mimi si mtu wa fatwa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wenyeji hawataona umekuja kufanya fujo.

Jirani yake ni Wat Pho, yenye sanamu ya Buddha aliyelala ya mita 46, na humo humo ni chuo cha kukanda mwili. Wakandaji wanawake wapo. Wifi akishazunguka ngazi za Platinum, huo ndio muda wa kumlipia akandwe miguu, na utaniambia kama hajasema "mwalimu, ulijua." Kisha vukeni kwa kivuko kutoka gati la Tha Tien mpaka Wat Arun. Minara yake imepambwa kwa vipande vya vyombo vya kaure vya Kichina, maelfu kwa maelfu. Wewe umefika Kunduchi? Yale makaburi ya nguzo nayo yalitiwa bakuli za Kichina. Bahari ni moja, na wenye bahari walipenda vitu vile vile.

Mkitoka Pratunam kwenda huko bila kutumia mfereji, pandeni treni ya juu ya BTS kituo cha Ratchathewi, badilisheni kituo cha Siam, shukeni Saphan Taksin. Gati la boti za mto liko chini ya daraja. Boti ya bendera ya machungwa ndiyo ya wananchi, nauli kama baht 16. Pembeni yake kuna ya watalii ya bei juu zaidi, na wauza tiketi wake ndio wenye sauti kubwa.

Ayutthaya msiende safari hii. Najua utataka. Inakula siku nzima, na ninyi watatu mna masoko ya kugombania.

Matapeli. Shoga yako atoe pesa kwenye soksi, matapeli wa Bangkok hawapori, wanaongea. Mchezo wao mkubwa ni wa zamani na bado unalipa. Karibu na Kasri anatokea mtu msafi, ana kitambulisho shingoni, anasema leo kasri limefungwa kwa sherehe, lakini kwa bahati ana tuk-tuk, yaani bajaji yao, atakayewazungusha mahekalu mengine kwa baht 20. Safari inaishia duka la vito au kwa fundi suti. Mlango wa wageni wa Kasri ni mmoja na una askari. Tembeeni mpaka mlangoni mkaulize wenyewe. Na Mtanzania kuuziwa yakuti Bangkok ni jambo la kusikitisha zaidi kuliko la mtu mwingine, maana mawe yetu mengi hupelekwa Thailand kuchomwa na kukatwa. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi wa Kithai walifika mpaka Tunduru na Songea kuyafuata. Mtalipia jiwe lililowatangulia kusafiri.

Teksi ina mita, inaanzia baht 35. Dereva akikataa mita, hasa hapo Pratunam jioni, mwacheni aende. Bolt mnayoitumia Dar ipo, na Grab pia. Bodaboda wenye vizibao vya machungwa wanajua kila kichochoro, ila mtu na mzigo hapana. Polisi wa watalii ni 1155.

Shilingi yenu haitabadilishwa huko. Chukueni dola, noti safi za mia, ambazo hupata bei nzuri kuliko ndogo, na pasipoti iwe mkononi wakati wa kubadilisha. Mashine za benki huwakata wageni baht 220 au zaidi kila mnapotoa, bila kuhesabu ya benki yenu. Noti zina picha ya mfalme. Ikidondoka, iokote, usiikanyage. Kuhusu ufalme wao msitanie hata kwa Kiswahili, hata kwenye kundi lenu la WhatsApp. Sheria yao inafika miaka 15 jela kwa kosa moja. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa ukipigwa kituoni, simameni kama wengine. Na mkiona tarehe ya kuisha kwa biskuti ni miaka 543 mbele, hiyo ni kalenda yao ya Kibuddha, biskuti ni nzima.

Mumeo. Bangkok ya usiku aliyoisikia ipo na haijifichi: Patpong, Soi Cowboy, Nana Plaza. Ni mitaa michache yenye taa zake, na hakuna anayeingia humo kwa kupotea njia ya sokoni. Ila mjue kwamba upande wa pili wa barabara kutoka Nana ndiko kwenye mikahawa mizuri ya Waarabu, barabara ya Sukhumvit kichochoro 3 na jirani zake. Mkienda kula huko, nendeni mchana, mtakula kwa amani. Mwonyeshe mumeo kwenye ramani mtakapolala na msikiti ulio karibu. Mwanamume anayeguna mara nyingi anataka kuonyeshwa ramani, na wewe ni kazi yako.

Lakini kwa wifi usimtume yeye. Ukimtuma kaka kwa dada juu ya mke, utakuwa umewapa wote watatu maneno ya kuweka. Usimjibu kwenye kundi pia, mkubwa hajibiwi mbele za watu. Nenda dukani kwake asubuhi kabla wateja hawajajaa, ukanunue hata mtandio, ukae. Anza na lile la arobaini, maana ni kweli na hujawahi kumlipa. Halafu mwambie: "Wifi, nimeangalia ratiba yako, mahali ulipochagua ndipo hasa. Soko la asubuhi linaanza mapema sana, na wewe unapenda kununua mapema. Nakuomba asubuhi tatu ziwe za mzigo, nami moja nitakuja kukusaidia kuhesabu. Siku mbili tuwe sote watatu, ya Kasri na ya boti. Zinazobaki kila mtu na lake, jioni tunakutana mezani. Kilo kumi zangu ni zako, nitazikunja mwenyewe. Zaidi ya hapo wifi siwezi, naogopa, na nakuomba usinilazimishe."

Hilo la kuogopa lisiache kutamkwa. Mkubwa akiambiwa "sitaki" anasikia dharau, akiambiwa "naogopa" anakumbuka kwamba ndiye mkubwa. Akikubali, umemaliza. Akikasirika siku mbili tatu, mwache akasirike angali Kariakoo, huko hakuna tiketi inayoungua. Na akisema basi haendi, ruhusa yako itarudi mezani kwa mumeo, na hapo itabidi uzungumze naye kama mke anayetaka kusafiri, sio kama mzigo wa dada yake. Ningependa ufanye hivyo hata kama wifi hatakasirika.

Fanya hayo kabla ya tiketi. Halafu viza, ambayo Mtanzania huiomba mtandaoni kabla ya kuondoka. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla, na kadi ya njano msiitie kwenye begi kubwa. Suvarnabhumi wanaotoka kwetu hupitia dawati la afya kwanza, ndipo uhamiaji, na wasiojua hupanga foleni mara mbili. Fomu ya kuingia nchini siku hizi hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni ya bure. Tovuti inayodai pesa kwa fomu hiyo ni ya watu wengine. Plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi zao, nunueni adapta hapo hapo Kariakoo. Wifi atajua duka.

Somo